Usiivike Kombi Yako Tairi za Teksi

Siku ya kununua tairi za Kombi ya kulala, mwache nyumbani rafiki yako mwenye rimu zinazong'aa. Mpende, kula naye wali, ila dukani asikusindikize. Yeye hulitazama gari likiwa limeegeshwa. Wewe unanunua tairi za gari litakaloteremka Kitonga au Mai Mahiu likiwa na vitanda, kabati, jiko, mtungi wa gesi, madumu ya maji na watoto wanaogombania dirisha.

Nazungumzia Volkswagen Type 2 yenye kioo kimoja kipana mbele, iliyotengenezwa Ujerumani kuanzia 1967 hadi 1979, ambayo kampuni ya Westfalia ilikuwa ikiigeuza nyumba ya safari. Tairi yake ya radiali inajulikana: 185R14C. Hapo 185 ni upana kwa milimita, R ni radiali, 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Herufi ya mwisho, C, ndiyo inayokuambia kwamba tairi hiyo imeundwa kwa magari ya mizigo, na ndiyo herufi ambayo muuzaji aliyeishiwa bidhaa huimeza.

Atakuletea 185/70R14 ya gari dogo na kukuambia, "Inaingia hii, bosi." Hasemi uongo. Inaingia kweli, inakaa kwenye rimu vizuri, inajaa upepo, na gari linaondoka dukani. Wewe usibishane naye kuhusu kuingia. Chuchumaa, futa vumbi ubavuni mwa tairi, utafute namba iliyoandikwa baada ya ukubwa. Kwenye hiyo ya gari dogo mara nyingi utakuta 88. Kwenye 185R14C ya kawaida utakuta 102/100.

Namba hizo ni za uzito. Tairi ya 88 inaruhusiwa kubeba kilo 560, ya 102 inabeba kilo 850. (Hiyo 100 baada ya mkwaju ni ya magari yenye tairi pacha, haikuhusu.) Sasa piga hesabu ukiwa hapohapo chini: injini ya Kombi iko nyuma, na ekseli ya nyuma ikijaa hufikisha zaidi ya kilo 1,200. Tairi mbili za 88 zinaishia kilo 1,120. Umeshapitiliza kabla hujapakia mkaa wa njiani. Mbili za 102 zinafika 1,700, na hiyo nafasi inayobaki ndiyo itakayokuokoa siku utakapokanyaga shimo ukiwa umejaza maji.

Kuna jingine ambalo namba hizo hazionyeshi. Kombi ni ndefu kwenda juu na ina ubavu mpana kama ukuta wa duka. Basi la mkoani likikupita kwa kasi, upepo wake unakusukuma kwanza, kisha unakuvuta. Tairi ya C ina ubavu mgumu, gari linatikisika kidogo na kutulia. Tairi ya gari dogo ubavu wake unajikunja, na mwili wa gari unaendelea kuyumba wakati wewe umeshanyoosha usukani. Dereva mgeni huanza kulaumu shokamzoba na kuzinunua mpya, huku mgonjwa mwenyewe ni tairi.

Kimo nacho kina mambo yake. 185R14C ina kipenyo cha takriban milimita 650, 185/70R14 ina kama 615. Waya wa spidomita ya Kombi unatokea gurudumu la mbele kushoto, kwa hiyo ukiweka tairi fupi mbele, mshale utasoma 80 nawe uko kwenye 76 hivi. Hilo halimuui mtu. Zikiwa fupi nyuma, injini inazunguka zaidi kwa kila kilomita, na injini hii haina maji ya kuipoza, inategemea feni na hewa. Ukizidisha urefu nako, gia ya nne inakosa nguvu mlimani.

Ukitaka rimu za inchi 15, chaguo la heshima ni 195/70R15C, maana kimo chake kinakaribia kilekile na namba yake ya uzito huwa 104. Ila kagua matundu ya boliti kwanza. Kombi za kabla ya Agosti 1970 zina mduara wa milimita 205, za baadaye ni 112. Mduara huo wa 112 upo pia kwenye rimu nyingi za Mercedes, ndiyo maana watu huzihamishia. Mduara ukilingana bado kuna kina cha rimu na umbo la kikalio cha boliti. Hapo mtafute fundi anayepima, achana na anayekisia.

Usisahau umri. Kombi ya safari husimama miezi, hivyo tairi zake huzeeka kabla ya kwisha. Tafuta neno DOT ubavuni, usome tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Bonyeza kashata kwa kidole gumba na kuangalia chini ya mfereji. Ukiona nyufa ndogondogo, iache. Ikifika miaka kumi itoe, hata kama inaonekana mpya. Na spea uisome pia. Mara nyingi hiyo ndiyo nzee kuliko zote.

Mwisho ni upepo, na hapa usiondoke upande wa fundi mpaka amalize. Wengi hujaza tairi zote nne sawa kwa mazoea ya magari madogo. Kombi inataka mbele kama psi 30 na nyuma kama 40, kwa sababu ya ile injini. Fuata kijitabu cha gari lako, na upime tairi zikiwa baridi. Tairi bora iliyojazwa kidogo huchemka na kupasuka sawa na ile mbovu.

Duka likikosa tairi yenye C na 102 au zaidi, shukuru, uondoke, nenda duka la pili. Likikosa pia, agiza, na safari isubiri wiki nyingine.