Barua ya Wazi kwa Wasajili Wawili wa Kampuni wa Nchi Moja

Kwa Waheshimiwa Wasajili wa Kampuni,
Tanzania Bara na Zanzibar.

YAH: MAOMBI YA KUTAMBULIWA KUWA WAGENI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni kampuni ndogo ya kukamua alizeti hapa Issuna, wilayani Ikungi, kando ya barabara kuu ya Dodoma kwenda Singida. Ukishuka kwenye basi huhitaji kuuliza, fuata harufu ya mashudu tu. Tumesajiliwa kwa Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, na cheti tumekitia kwenye fremu tukakitundika juu ya mizani, ili mteja anayelalamikia ujazo wa dumu akutane nacho kwanza. Jina letu linaishia na Limited, kama la wakubwa.

Hivi karibuni tumepata wateja Unguja. Maadamu tunapakia madumu na kumtumia mfanyabiashara wa Darajani auze mwenyewe, hatuna la kujieleza. Lakini tumetamani kuwa na stoo yetu, na kibao chetu juu ya mlango. Hapo ndipo tulipopewa habari njema: kwa Sheria ya Kampuni ya Zanzibar ya mwaka 2013, kampuni iliyoundwa nje ya Zanzibar ni kampuni ya kigeni, na Issuna, hata ukiigeuza ramani vipi, iko nje ya Zanzibar.

Tumefurahi mno. Wenzetu wanaukimbilia ugeni huko ughaibuni kwa kuuza ng'ombe na kupanga foleni ya viza. Sisi tunaupata kwa boti ya mwendo wa saa mbili, tukiwa na shilingi ileile mfukoni, yenye saini ya gavana yuleyule. Tutakaa benchi moja na kampuni ya Shanghai na kampuni ya London, kila mmoja amekumbatia bahasha yake ya kaki: nakala ya cheti iliyothibitishwa, katiba ya kampuni, orodha ya wakurugenzi, na jina la mtu anayeishi Zanzibar atakayepokea hati za mahakama kwa niaba yetu. Hiyo ya mahakama imetufurahisha zaidi. Tukishtakiwa huko tutaanza kesi tukiwa wageni, na shauri likipanda mpaka Mahakama ya Rufani, ambayo ni ya Muungano, tutaimaliza tukiwa wenyeji.

Mkurugenzi mwenzangu ni shangazi yangu. Nilimkuta anachekecha alizeti, nikamsomea karatasi zote. Akasikiliza mpaka mwisho, akapangusa kidole gumba kwenye kanga tayari kwa wino, kisha akaniuliza: "Baba, kodi ya mapato huko anakusanya nani?" Nikamwambia ni TRA, ileile ya huku. "Kwa hiyo kwenye kulipa sisi ni ndugu." Nikamwomba aweke dole tu.

Swali lake lilinipeleka kwenye Katiba ya mwaka 1977, nyongeza ya kwanza, palipoorodheshwa mambo ya Muungano. Yalianza 11 mwaka 1964, Mwalimu Nyerere alipochanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar, na sasa yamefika 22. Nimeyasoma yote, jambo ambalo sidhani kama wabunge wengi wamelifanya. Utabiri wa hali ya hewa umo: wingu likitoka Singida likaenda kunyesha Unguja, hilo ni wingu la Muungano, halidaiwi cheti. Baraza la Mitihani limo, kwa hiyo kijana wa hapa aliyefeli hesabu kidato cha nne amefeli mpaka Pemba. Leseni ya viwanda nayo imo. Usajili wa kampuni inayomiliki hicho kiwanda, haumo.

Jambo la 22 ndilo lililonikosesha usingizi. Ni uandikishaji wa vyama vya siasa. Chama husajiliwa na msajili mmoja, kwa sheria moja ya mwaka 1992, na sheria hiyo haikiruhusu tu chama kuvuka maji, inakilazimisha: kisipopata wanachama 200 katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua 10, angalau mmoja uwe wa Unguja na mmoja wa Pemba, hakipati usajili wa kudumu. Anayetaka kura lazima athibitishe kuwa ana watu Pemba. Anayetaka kuuza mafuta ya kula anathibitisha kuwa ametoka ng'ambo.

Kwa hiyo tumefikiria kugeuza kampuni kuwa chama. Sera tunayo, inauzwa kwa lita. Rangi ya njano ya alizeti tumeambiwa ina mwenyewe, tutatafuta nyingine. Kikwazo ni shangazi, ambaye ameuliza kama chama hugawa faida kwa wanachama wake, na mimi sikuwa na jibu la kumpa.

Msidhani hatuelewi mambo yalikotoka. Zanzibar na Tanganyika kila moja ilikuwa na sheria yake ya kampuni tangu enzi za Mwingereza, na waliotia saini mwaka 1964 hawakuzigusa. Wazanzibari nao wameyaona mambo 11 yakizaa mengine 11, na ni haki yao kushtuka wakisikia mtu wa Bara anapendekeza la 23. Mimi silipendekezi. Isitoshe, ugeni ni wa pande zote: kampuni ya Wete, Pemba, ikitaka kufungua ofisi hapa Issuna inunue alizeti shambani, nayo huku Bara inaandikwa ya kigeni, na mimi nitakuwa wa kwanza kuidai cheti, kwa sababu itapandisha bei ya mbegu. Na kama ni kujifariji, Marekani nako kampuni ya Delaware ikienda California hujiandikisha kama ya kigeni. Ila Delaware ina kampuni nyingi kuliko watu. Issuna tuna watu.

Ombi letu ni dogo. Ofisi zenu, BRELA ya Bara na BPRA ya Zanzibar, zote zina mifumo ya kusajili kwa mtandao. Mfumo mmoja uruhusiwe kuuchungulia mwingine, uone kuwa kampuni ipo, jina ni hili, wakurugenzi ni hawa. Ada tutalipa, kila upande ubaki na daftari lake na heshima yake. Tunachotaka kuepuka ni kumtafuta wakili athibitishe nakala ya cheti kilichotolewa na serikali, ili kipelekwe kwa serikali.

Hilo likishindikana, basi tupewe haki zetu za ugeni kikamilifu, tukianza na kupokewa bandarini Malindi, Unguja, kwa ngoma.

Naomba kuwasilisha.

Mkurugenzi (mgeni mtarajiwa),
Issuna, Ikungi.

Nakala: Msajili wa Vyama vya Siasa, kwa taarifa, endapo shangazi atabadili msimamo.