Mashua Yetu Imekosa W

Mashua yetu ni ya faiba, ya tanga, futi 26, na mimi na shemeji tuliinunua ikiwa na jina lake tayari: TUSIZAME, kwa herufi nyeupe za stika, ubavu huu na ule. Mwenyewe wa kwanza bila shaka alikuwa mtu wa dua. Lakini sisi tulitaka kupakia wageni jioni wakatazame jua likitua kwenye hori ya Kilifi, na kila mgeni aliyesoma jina lile aliulizia maboya ya kujiokolea kabla hajaulizia bei. Shemeji akasema tuiite SHWARI. Nikaona sawa: jina fupi, herufi 6, gharama ndogo.

Mashua kama hii huipandishi mchangani siku yoyote upendayo. Unangoja bamvua, maji yakijaa kabisa unaisogeza mpaka juu, unaiegemeza kwa miti, na maji yakitoka inabaki kavu. Yakiingia maji mafu hayaifikii tena, mpaka bamvua nyingine, siku kama 14. Kwa hiyo tulikuwa na wiki 2 za kubandua herufi 16 na kubandika 12. Nilimwambia mke wangu tutamaliza Jumamosi.

Siku ya kwanza nilitumia kucha. Stika iliyopigwa jua miaka mingi haibanduki, inakatika chenga chenga kama mchele mbovu. T peke yake ilinila dakika 45. Shemeji akachomoa kisu. Nilikipokonya, ila alikuwa ameshaacha mstari unaoonekana mpaka leo. Faiba ina ngozi yake ya juu, ile rangi ngumu inayong'aa, na unene wake ni kama nusu milimita tu. Ukiichimba umeichimba.

Dawa ya stika kuukuu ni joto. Siku ya pili nikaja na mashine ya mke wangu ya kukaushia nywele, niliyoichukua bila kumsumbua kwa maswali, na tukavuta umeme kutoka kibanda cha chai. Hapo kazi ikanoga. Unaipasha herufi taratibu mpaka gundi ilegee, unainua ukingo kwa kadi ya benki iliyokwisha muda, halafu unaivuta kwa mlalo, nayo inakuja nzima kama ganda la ndizi. Nilianza na S na I kwa kuwa zilikuwa zimeshainuka pembeni. Zikatoka safi. Umeme ukakatika, tukaenda kula.

Sasa nikuombe ufanye hesabu ambayo sisi hatukuifanya. TUSIZAME ukiitoa T inabaki USIZAME, ambao bado ni ushauri mwema. Ukiitoa na SI, unabaki na UZAME. Mashua ilisimama pale mchangani saa nzima, imeelekeza ubavu baharini, ikimwapiza kila mvuvi anayeingia. Tuliporudi, mzee mmoja alikuwa ameketi kwenye ukingo wa ngalawa yake, nyavu hajazigusa.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi nimekukosea nini?"

Nilimweleza habari za umeme. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema jahazi za watu huandikwa kwa brashi, na jina likichosha hupakwa rangi juu yake, kazi ya asubuhi moja. Sikuwa na jibu.

Herufi zilipokwisha ilibaki gundi, na juu ya gundi mchanga, kwani upepo wa pwani haukosi pa kuutupa. Tuliisugua kwa kitambaa cha mafuta ya taa. Mashua ikanukia stovu, nasi vilevile. Na chini ya gundi, TUSIZAME ilikuwapo bado! Faiba yetu ni ya buluu, na jua limeichuja mpaka ikawa kama kaptula ya shule ya mwaka wa tatu. Lakini chini ya stika jua halikupita, buluu ni ileile ya kiwandani. Tulichofanya ni kuliandika jina upya, kwa rangi bora zaidi. Tukapiga msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, kisha dawa ya kung'arisha bodi za magari, siku 4, mabega yakikataa. Mchana halionekani. Jioni, jua likilala, linarudi.

Stika mpya alitukatia kijana wa Mtwapa anayepamba matatu. Aliuliza mara 3 kama hatutaki R itoke moto mkiani. Alitupa na maelekezo: nyunyiza maji yenye matone ya sabuni ya vyombo, weka, sogeza mpaka inyooke, kamua maji kwa kadi, kisha bandua karatasi ya juu. Yule mzee akaongeza lake: ni Julai, kusi linavuma, malizeni kabla ya saa nne. Shemeji alifika saa tano.

Upande wa kushoto, ulio na kivuli cha upepo, ulikaa kama umechapwa. Upande wa kulia nilikuwa nikibandua karatasi pale kusi lilipotia mkono. S, H, A, R na I zilishika. W ikaenda. Tuliitafuta mchangani, kwenye mikoko, chini ya ngalawa ya watu. Usiku dada yangu alimpokea mumewe mlangoni, akamgeuza na kumuuliza hiyo M mgongoni ni ya mume au ni ya mjinga. Ilikuwa imenasa kwenye fulana kichwa chini, imejaa nyuzi, haifai tena.

Mke wangu naye usiku huohuo alikausha nywele. "Baba Zuhura," akaita kutoka chumbani, "mbona nanukia taa?"

Bamvua haikungoja herufi, tukaishusha mashua hivyohivyo. Kushoto inasoma SHWARI, kulia inasoma SHARI. Kijana wa Mtwapa ameishiwa stika nyeupe, anayo ya njano tu, ile ya mstari wa matatu. Shemeji anaitaka, mimi sitaki. Kwa sasa wageni tunawapandishia upande wa kushoto.