Pick up ya Zombe

Karatasi ya pili ya Kiingereza katika KCSE hupenda kuwatega watahiniwa kwa vitenzi vyenye mkia, na "pick up" ina maana tele. Mtoto wa Zombe, huku Kitui Mashariki, angepewa alama hizo bure. Siku ya soko anaiona pikapu imesheheni mbuzi, pembe zinachungulia nje, na juu ya mbuzi wamekaa wenye mbuzi. Ndengu zilizopukutika shambani anaziokota moja moja. Mvua ya Novemba ikishika kasi, ni kitenzi kile kile. Bei ya ndengu ikipanda, pia. Nayo hupanda dalali akishamaliza kununua.

Kitakachomtatiza ni ile maana ya kupokea simu, kwa kuwa mfano wake hajapata kuuona. Mheshimiwa alitugawia namba barazani wakati wa kampeni, akasema tupige hata saa nane usiku. Tunapiga saa nne asubuhi, inaita hadi inachoka. Mzee mmoja hapa sokoni ananiambia nisiwe na haraka: 2027 itapokewa hata kabla haijaita.