Mwendo wa Kwenu

Bi Kanga alizikwa Bwera siku ya Ijumaa, siku ya gulio la Lubiriha, na waombolezaji hawakumsamehe. Nyani alikuwa na mikungu ya ndizi iliyosubiriwa ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe. Ngiri alikuwa na chumvi ya Katwe ambayo mvua ingeimaliza kabla ya mteja. Hata hivyo walikuja, kwa kuwa harufu ya bundu na sombe ilishafika barabarani.

Fisi alikaa mbele kabisa. Alikuwa na haki. Alishakuja kumlilia marehemu mara nne, kila aliposikia Kanga kalazwa, na mara zote nne ni marehemu mwenyewe aliyempokea mlangoni. Mara ya nne alimuuliza, "Shemeji, leo utalia na sukari au bila?"

Ugonjwa wa Kanga ulikuwa selimundu. Chembe za damu yake zilipinda kama mundu, zikakwama kwenye mishipa kama malori mpakani, na zilipokwama maumivu yakapiga kambi. Baridi ya jioni inayoshuka kutoka Rwenzori iliyaita. Kiu iliyaita, uchovu vilevile. Mumewe alikuwa Kobe, ndoa iliyosemwa sana. Siku miguu ilipomkaza, Kanga alijikokota kando yake na kusema, "Leo, mzee, naenda mwendo wa kwenu." Siku za nafuu alitangulia mbio hadi mwembeni, akarudi kumchukua, akatangulia tena, akarudi, hata njia ya Lubiriha mumewe akiipita mara moja yeye aliipita mara tatu.

Kila adhuhuri Kobe alikwenda kulala juani, juu ya mwamba. Gamba likishika moto alirejea nyumbani taratibu, maana hana namna nyingine ya kurejea, naye Kanga akaegemeza magoti juu yake, hili kisha lile, huku akilalamika kwamba upande wa kushoto haujaiva. Pembeni palikuwa na kibuyu cha maji. Aliyanywa kabla hajakumbushwa, ili Kobe akose la kuhubiri. Halafu habari za sokoni zikaanza: nani kampunja nani, nani kavuka mpaka na mke wa nani.

Kijiji kilikuwa na taratibu zake. Mgonjwa hulala, hukonda, hushukuru. Baraza lilimwita. Mwenyekiti Korongo, ambaye kwa upara wake na koti lake jeusi huonekana yuko msibani hata akiwa harusini, alimtaka achague moja: apone, au ahuzunike. Kucheza ngoma Jumamosi na kulazwa Jumatatu kuliwachanganya wachangiaji. Kanga aliomba muda wa kufikiri. Walimsikia akifikiri hadi Mpondwe, kwa kicheko kile cha kwao.

Mwaka 2019, Ebola ilipovuka mpaka kutoka Kongo na Bwera ikaacha kupeana mikono, ni yeye aliyebuni salamu ya kuinama kwa mbwembwe, mabawa yakiwa mgongoni. Korongo aliiita utovu wa nidhamu, mpaka siku aliposahau akamwamkia nayo mkuu wake.

Sasa Korongo alisoma wasifu. Marehemu aliteseka miaka 31. Kila siku kwake ilikuwa mzigo. Hatimaye amepumzika.

Bundi, aliyesoma Makerere na hachelewi kukukumbusha, aliongeza takwimu. Mwaka 1949 watafiti Lehmann na Raper, baada ya kupima damu sehemu mbalimbali za Uganda, waliandika kwamba kwa Baamba, huko Bundibugyo nyuma ya mlima, karibu 45 katika kila 100 wamebeba mbegu ya ugonjwa huu. Anayeirithi kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Anayeirithi kwa wote wawili huugua, akalipia kinga ya wenzake. Vichwa vilitikiswa kwa heshima. Hakuna aliyeuliza kama mfiwa amekunywa maji.

Kobe aliinuka. Mpaka alipofika mbele, sahani za pili zilikuwa zimeshagawiwa.

"Ndugu zangu," alisema, "huyo mliyemzika mimi simjui. Wangu aliumwa, sikatai. Kuna usiku aliuma ukingo wa mkeka asiwaamshe majirani, nami sikuwa na la kufanya ila kuwa na joto. Lakini kupumzika hakuomba. Leo angekuwa Lubiriha. Ana kitenge amelipia nusu."

"Cha madoa ya rangi ya chungwa," alisema Mama Kwale kutoka nyuma, aliyevuka kutoka Kasindi na mzigo ungali kichwani. "Nilimpa cha bluu, akasema hicho niwawekee wagonjwa."

Mtu alicheka. Korongo alitafuta kwenye karatasi yake pahali pa kicheko, hakupaona. Fisi naye akaanza kulia, na kwa mara ya kwanza hakutazama vyombo. Kifaranga aliyegawa chai alimsogelea, akamuuliza alivyofundishwa kumuuliza kila mgeni: na sukari, au bila? Fisi alishindwa kujibu.

Jumanne Kobe aliondoka alfajiri kwenda kulipa nusu ya kitenge. Alipofika mwembeni alisimama, kama ilivyokuwa desturi, amngoje wa kurudi kumchukua. Jua likapanda. Gamba likaanza kushika moto, safari hii upande wa kushoto kwanza.