Suti ya Mvuvi wa Barafu Yapanda Meru

Kuanzia Juni hadi Agosti, Arusha huwa mji wa majaketi. Ukungu hushuka kutoka mlimani, manyunyu huanza kabla jogoo hajawika, na usiku kipimajoto hushuka hadi nyuzi 12 hivi. Mtu wa Dar es Salaam akishuka kwenye basi na fulana yake ya mikono mifupi, wapiga debe humpa pole kwanza, kisha humuuzia skafu. Mama wa chai ya maziwa huvaa sweta juu ya sweta, khanga juu ya yote. Dereva wa bodaboda huvaa jaketi lake kinyumenyume, zipu mgongoni, ili kifua kisipigwe na upepo, na abiria wake husafiri akitazamana na kola.

Hakuna anayeuliza majaketi yote hayo yametoka wapi. Yametoka Kilombero. Pale sokoni, belo la mitumba likikatwa kamba, kwa dakika chache hakuna salamu wala undugu. Mikono inazama, inaibuka na mkono mmoja wa jaketi, mkono mwingine wa jaketi hilohilo umeshikwa na mtu wa upande wa pili. Majaketi haya yalishonwa kwa kazi mbalimbali: kuteleza kwenye theluji, kuendesha pikipiki, kuongoza magari barabarani, kutembeza mbwa. Jaketi likishafika mezani Kilombero, kazi yake inabaki moja tu: jaketi la baridi.

Hapo ndipo fundi plasta mmoja wa Terrat alipokutana na suti yake. Terrat ipo kusini mwa jiji, tambarare yenye jua, vumbi na miti ya miiba, na asubuhi isiyo na mawingu Mlima Meru huonekana wote bila kificho. Kijana huyu, msimu wa watalii ukichangamka, huweka mwiko kando na kwenda kubeba mizigo mlimani. Wapagazi wenyewe huitana wagumu, na ugumu unahitaji nguo.

Ilikuwa suti nene, jaketi na suruali yake yenye kamba za mabegani. Magotini ilikuwa na sponji, mikononi mistari inayong'aa usiku, kwenye vifundo vya miguu wavu mdogo, na kifuani mifuko miwili mirefu, myembamba.

"Hii ni ya wazungu wa theluji, chalii wangu," muuzaji alimwambia. "Hata ukilala kwenye friza unaamka na jasho."

"Na hii mifuko?"

"Ya simu. Wenzako huko wana simu mbili mbili."

Simu hazihusiki kabisa. Suti za aina hiyo hushonwa kwa ajili ya wavuvi wa Minnesota, Kanada na Ufini, ambako maziwa huganda wakati wa baridi. Mvuvi hutembea juu ya ziwa, hutoboa tundu, hukaa juu ya ndoo, hushusha ndoano na kusubiri. Barafu yenye unene wa sentimita 10 hivi, ikiwa mpya na imara, humbeba mtu. Ikiwa nyembamba zaidi, mtu huenda kuwafuata samaki. Kwa hiyo ndani ya suti nyingi huwekwa sponji linaloelea, wavu wa kutolea maji miguuni, na mifuko ya vijiti vyenye ncha ya chuma, vya kuchomeka kwenye barafu na kujivuta nje. Mshonaji alimfikiria mtu anayekaa bila kutikisika na anayeweza kuzama. Terrat haina ziwa. Samaki na barafu wakikutana huko ni ndani ya friza la dukani, na samaki mwenyewe ni sato wa Mwanza au perege wa Bwawa la Nyumba ya Mungu.

Siku ya safari aliivaa tangu getini, maana Momella asubuhi hiyo kulikuwa na ukungu na alitaka picha. Geti hilo la Hifadhi ya Taifa ya Arusha lipo kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Askari wa hifadhi mwenye bunduki hufuatana na msafara kwa sababu ya nyati, na wagumu hufuata na mizigo kichwani. Jua likatoka. Njia ikapanda. Kabla ya kufika kwenye vibanda vya Miriakamba, mita 2,514, fundi alikuwa analoa kutoka ndani. Kitambaa kilichokataa maji ya ziwa yasiingie kilikataa pia jasho lisitoke, isipokuwa mahali pamoja: ule wavu wa miguuni. Ulifanya kazi yake barabara. Kila hatua ilidondosha.

Askari alimtazama viatu, akatazama njia waliyotoka. "Wewe umevuka mto gani?"

Utani ulikuwa na upande wake mbaya. Maji hunyang'anya mwili joto kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia, kwa hiyo mgumu aliyelowa jasho mchana ndiye anayetetemeka jioni, hata akiwa ndani ya nguo nene kuliko wote. Na jioni ya Meru haina masihara. Kwa kukadiria, hewa hupoa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Usiku wa nyuzi 14 mjini Arusha unaweza kuwa nyuzi 5 chini ya sifuri pale kileleni, mita 4,566, bado upepo hujauhesabu. Wagumu wengi huanza safari na fulana ya kampeni ya uchaguzi mwilini. Ni ya pamba, ni ya bure, na pamba ikishanyonya jasho hailiachi upesi. Sweta la sufu au lile la manyoyamanyoya ya plastiki hubaki na joto hata likiwa na unyevu, ila halijapata mgombea wa kuligawa.

Lakini suti ile haikuwa ya kudharau. Usiku wa pili, kwenye vibanda vya Saddle, mita 3,570, watalii waliondoka mnamo saa saba kuelekea kileleni na waongozaji wao. Wagumu na wapishi hubaki nyuma, na kazi yao usiku huo ni ileile ya mvuvi wa Ufini: kukaa na kusubiri. Suti ilikuwa imeanikwa kando ya jiko hadi ikakauka. Fundi aliingia ndani yake, akafunga zipu hadi kidevuni, akapiga magoti kwenye zege bila kuumia, na wenzake waliomcheka njia nzima wakaanza kumsogelea mmoja mmoja kutafuta pa kuegesha miguu. Mpishi alimwomba ahamie karibu na mlango, azibe upepo.

Jaketi la manyoya ya ndege nalo lina ukoo na uvuvi. Eddie Bauer, mwenye duka la vifaa vya michezo mjini Seattle, nusura afe kwa baridi akitoka kuvua samaki katika miaka ya 1930. Mwaka 1936 alitengeneza jaketi lenye vyumba vyumba vilivyojazwa manyoya ya bata bukini, na mwaka 1940 akapata hataza yake. Kwa wepesi na joto, halina mpinzani. Ila Seattle hawana uzio wa miiba.

Shemeji wa fundi alipata la aina hiyo Kilombero, safi, jekundu. Akaliloweka kwenye beseni na sabuni ya unga, ya kutosha kufulia mapazia. Sabuni kali huondoa mafuta ya asili ya manyoya, na manyoya yakilowa hugandamana mafungu mafungu na kuacha kutunza joto. Jaketi likanywea. Akalianika juu ya uzio, upepo wa Terrat ukalivuta, mwiba mmoja ukalishika ubavuni. Uani kukawa kweupe. Jirani anayefuga bata akaja mbio, hakusalimia mtu, akaanza kuhesabu bata wake kwa sauti. Hesabu ilipotimia, alikaa kitini akasaidia kuokota. Shemeji alishona pale palipochanika, na kila tundu la sindano likawa mlango mwingine wa manyoya. Mwishowe kipande cha tepu ya nailoni ndicho kilichonyamazisha ule mwanya.

Njia nyepesi ipo, angalau kwa wanaopanda mlima wa jirani. Mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, KPAP, ulioanza mwaka 2003 na wenye makao Moshi, huwaazima wapagazi nguo za baridi bila malipo. Mtu anavaa, anapanda, anarudisha. Lakini jaketi la kurudisha huwezi kupigia picha Terrat Jumapili.

Suti ya kuelea iliuzwa baadaye, kwa faida, kwa jamaa anayepakua maboksi kwenye chumba cha baridi cha muuza samaki mjini. Fundi akarudi Kilombero na hela mkononi na ujuzi kichwani.

Muuzaji alikuwa yuleyule. Safari hii fundi hakuuliza mifuko. Alichukua jaketi jembamba la mvua, la kuvaa juu ya sweta, akaligeuza nje ndani. Alipitisha kidole kwenye mishono kuona kama ile tepu ya ndani imebanduka. Akasugua kitambaa, maana majaketi ya mvua yakizeeka ngozi yake ya ndani hunata na kuchubuka magamba. Akanusa. Akapandisha zipu, akashusha, akapandisha tena, akatafuta zipu nyingine za kupitisha hewa makwapani, akazikuta. Kisha akaweka mdomo kwenye kitambaa na kupuliza kwa nguvu, kiganja upande wa pili, kusikiliza kama upepo unapita.

"Chalii," muuzaji alisema, "unanunua jaketi au unalipima malaria?"

"Bei gani?"

"Kwa vipimo hivyo, elfu hamsini."

Wakaishia ishirini na nane.