Hodi na Usingizi

Hapana mtu mwenye nasaha nyingi juu ya usingizi wa mtoto kama yule asiyelala naye. Na kwa kuwa hapa kwetu Rugerero, kando ya barabara iteremkayo kutoka Musanze kwenda Gisenyi, nyumba zimekaribiana hata mtu akikohoa hupewa pole kutoka nyumba ya tatu, nasaha hizo hutufikia asubuhi na jioni bila ya kualikwa, aghalabu zikifuatana na kichane cha ndizi mbivu, ili mpokeaji aone haya kuzikataa.

Mjukuu wangu yumo katika umri wa kutambaa. Mama yake huondoka alfajiri kwenda kuuza mboga na mayai upande wa Goma, baba yake hulinda ghala usiku, nami, maadamu nimestaafu ukarani na sina kazi ambayo mtu yeyote nyumbani humu huiita kazi, nilikabidhiwa pamoja na bibi yake wizara ya usingizi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, limesema kwamba mtoto wa miezi 4 hadi 11 apate usingizi wa saa 12 hadi 16 katika kila saa 24, na usingizi wa mchana umo katika hesabu hiyo. Sina ugomvi na hesabu hiyo, wala mjukuu wangu hana; saa zake huzitimiza zote kwa uaminifu, ila huzigawa apendavyo yeye, nyingi mchana, wakati ambapo hapana aliyemwomba alale, na chache usiku, wakati ambapo sisi sote tungemlipa.

Matabibu husema kuwa mtoto mchanga huzaliwa asijue tofauti ya usiku na mchana, na kwamba mwili wake huanza kuutambua usiku baada ya miezi miwili mitatu, ukisaidiwa na mwanga wa asubuhi, giza la jioni, na taratibu isiyobadilika. Taratibu yetu tuliitunga kwa makini: kuogeshwa katika beseni baada ya magharibi, uji, nguo kavu, taa kupunguzwa, wimbo mmoja tu wa bembelezi, kisha kulazwa ndani ya chandarua wakati macho yamelegea lakini hayajafumba, ili azoee kulala kitandani mwake badala ya kulala mikononi mwa watu. Mshauri wa afya wa mudugudu, yaani wa kijiji chetu, alituamuru tumlaze chali, juu ya godoro gumu, bila mto wala blanketi zito karibu na uso. Katika hili nilimtii bila ya ubishi, kwani najua kwamba Wamarekani, ambao kwa miaka mingi walifuata matoleo ya kitabu cha Daktari Benjamin Spock yaliyowashauri kulaza watoto kifudifudi, walianza mwaka 1994 kampeni kubwa ya kuwalaza chali, na vifo vya ghafula vya watoto usingizini vikapungua kwao kwa zaidi ya nusu. Yako mambo ya mzaha na yako yasiyo ya mzaha.

Yaliyo ya mzaha huanza baada ya mtoto kulala. Chumba chetu ni kidogo, kitanda cha mtoto kiko pembeni kabisa, na kati ya kitanda na mlango pana ubao mmoja wa sakafu ambao hulia ukikanyagwa, pamoja na kifundo changu cha mguu wa kushoto, ambacho hulia hata kisipokanyaga kitu. Kwa sababu hiyo nimejizoeza kutoka chumbani kwa magoti na viganja, nikipita ukutani mahali ambapo sakafu ni nyamavu, bawaba za mlango nikiwa nimezipaka mafuta ya kupikia tangu mchana. Jioni moja nilikuwa katika mwendo huo, kofia yangu imenaswa na pindo la chandarua nami nikiinasua uzi baada ya uzi, ndipo uliposikika mlangoni ule wito ambao adabu za watu wetu huutaka uwe wa sauti ya kutosha na urudiwe mara tatu:

“Hodi! Hodi wenyewe! Hodi!”

Alikuwa mzee mwenzangu wa msikitini, mtu wa heshima zake, aliyekuja kunijulia hali kwa kuwa alisikia kwamba silali. Chandarua kiliniangukia, mtoto akaketi, na mgeni, alipokaribishwa na bibi akaniona nimepiga magoti nimefunikwa wavu mweupe kichwani, aliomba radhi kwa kunikatiza katika ibada. Kisha, kwa kuwa mtoto alikuwa ameamka, ikawa ni utovu wa adabu asimpakate.

Hapa ndipo ninapoachana na waandishi wa vitabu vya malezi. Wao hudhani kwamba mtoto analala katika nyumba, na nyumba ina kuta, na ndani ya kuta hizo wazazi wawili wakipatana jambo, limekwisha. Kwetu mtoto hulala katika mudugudu; na falaula wangeandika kitabu cha kuufundisha mudugudu mzima desturi njema za usingizi, kuanzia kwa mzee wa msikitini hadi kwa kijana mwenye pikipiki asiyeweza kuondoka bila ya kupiga honi ya kuaga, ningekinunua hata kwa kuuza mbuzi.

Chukua mfano wa Daktari Richard Ferber wa hospitali ya watoto ya Boston, ambaye mwaka 1985 alitoa kitabu kinachofundisha kwamba mtoto akilia baada ya kulazwa, mzazi angoje dakika chache ndipo aende kumtuliza, bila ya kumtoa kitandani, na kila mara angoje zaidi kidogo, hata mtoto ajifunze kulala mwenyewe. Binti yangu aliisoma habari hiyo katika simu yake, akatukutanisha sebuleni, akaiweka simu mezani ili ihesabu dakika, na akatukataza kuinuka. Mtoto alilia. Bibi yake alishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Dakika ya pili haijatimia, mama mmoja jirani alikwisha kuingia, safari hii bila hodi, mwiko wa maharagwe ungali mkononi.

“Mzee,” akaniambia, “huyu mtoto hana watu?”

Nikamweleza habari za Boston, za dakika na za kungoja, naye akanisikiliza kwa staha hadi mwisho, mtoto akiendelea kutusindikiza kwa sauti.

“Na huko Boston,” akauliza, “majirani walikwenda wapi?”

Kabla sijapata jawabu akaingia jirani wa pili, na nyuma yake mkuu wa mudugudu mwenye kurunzi, akitaka kujua kama ni ugomvi wa mume na mke ili aandike, au ni msiba ili awaarifu wengine. Yule mama aliupachika mwiko mkononi mwangu, akaingia chumbani, akatoka na mtoto mgongoni, na kabla hajamaliza kufunga fundo la mbeleko mtoto alikuwa keshalala, shavu limebonyea juu ya bega lake. Kwa kuwa aliacha sufuria motoni, aliondoka naye vivyo hivyo kwenda kwake. Sisi wanne wenye elimu ya Boston tukabaki sebuleni, pamoja na kurunzi, mwiko, na simu iliyoendelea kuhesabu dakika.

Wala usidhani kwamba watoto wetu huamshwa na makelele makubwa. Ndugu mkubwa wa mjukuu wangu huyu alikuwa na umri kama huu wake mwaka 2021, mlima Nyiragongo uliporipuka jioni ya Jumamosi tarehe 22 Mei, mbingu juu ya Goma zikawa nyekundu, na watu kwa maelfu wakavuka mpaka kuja kwetu na magodoro vichwani. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mchana na usiku, kuta zikapasuka, nasi tukalala uani kama wenzetu wengi kwa kuyaogopa mapaa. Yalikuwa mashaka makubwa, na wako waliopotewa na watu wao. Lakini katika tetemeko moja lililomwangusha jogoo kutoka juu ya banda na kuwafanya watu wa dini zote wamwite Mungu kwa pamoja, mtoto yule aliendelea kulala mdomo wazi. Na utulivu uliporejea, bibi yake alipoifungua polepole karatasi ya biskuti, mtoto aliketi akanyosha mkono.

Sababu yake yajulikana. Katika sehemu ya kwanza ya usiku mtoto huzama katika usingizi mzito kuliko wa mtu mzima, na majaribio yameonyesha kuwa watoto wengi hawaamki hata kwa king'ora cha moto. Ila usingizi huenda kwa mizunguko, na mzunguko mmoja wa mtoto mchanga huchukua kama dakika 50, na mwisho wake usingizi huwa mwepesi mno, hapo karatasi ya biskuti yatosha. Basi si ukubwa wa sauti unaomwamsha mtoto, ni saa yake. Na saa hiyo wageni wa Rugerero huijua kwa ilhamu. Umeme nao huijua, kwani ukikatika jioni husahauliwa swichi ya taa na redio iliyokuwa ikitangaza mpira, na ukirudi usiku wa manane hurudi na vyote viwili.

Mwishowe nilichukua karatasi, nikaandika kwa hati yangu nzuri ya ukarani, “Mtoto amelala, tafadhali usibishe hodi,” nikaibandika mlangoni. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, lakini sheria haikuwaamuru watu waisome kimya, na kila apitaye husimama akaisoma kwa sauti ya hotuba. Wasiokisoma Kiswahili hubisha hodi wakauliza imeandikwa nini. Kwa ajili ya hao niliongeza mstari wa Kinyarwanda chini yake, kwa tahajia niliyofundishwa shuleni, nikasahau kwamba tahajia hiyo ilibadilishwa mwaka 2014 na kwamba walimu wangali wanaibishania. Na tangu hapo, kila jioni baada ya magharibi, hukutana mlangoni petu walimu wawili, mmoja wa tahajia ya zamani na mmoja wa tahajia mpya, na bibi huwatolea viti.