Kwa NACADA: Tutasubiri Hadi 21

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Kitaifa ya Kupambana na Ulevi na Dawa za Kulevya (NACADA),
Nairobi.

Mheshimiwa,

KUH: PONGEZI KWA UMRI MPYA

Hapa mtaani Gatina tuliipokea kwa shangwe sera ya Julai 2025 inayopendekeza mtu asiuziwe pombe kabla ya kutimiza miaka 21. Mama pima, muuza chang'aa wetu, amekwisha kujiandaa. Mteja akiinama mlangoni ataulizwa kwanza kitambulisho, halafu mwaka wa kuzaliwa, ndipo apimiwe. Sheria ya 2010 ilihalalisha chang'aa mradi itiwe kwenye chupa ya kioo. Mama pima hutumia gilasi, naona ametii nusu.

Utafiti wenu wa 2022 ulikuta walioanza tumbaku wakiwa na miaka 6 na pombe wakiwa na 7. Kwa hesabu ya sasa, mtoto huyo wa pombe huvunja sheria kwa miaka 11. Mkipandisha umri ataivunja kwa miaka 14. Hayo ni maendeleo. Heroini na kokeini tu ndizo zilizoonyesha adabu: wadogo kabisa walioanza kuzionja walikuwa na miaka 18 na 20. Ombi letu dogo ni kwamba gundi ya viatu nayo isomewe sera hii, maana fundi haulizi umri na chokoraa hana cheti cha kuzaliwa.

Kuhusu virusi vya Ukimwi, vinavyofuatana na ulevi huku kwetu, tunashukuru pia. Sheria ya Ukimwi ya 2006 inamruhusu mtoto aliye hatarini akubali kupimwa bila mzazi, mradi akubali kwa maandishi. Tuleteeni kalamu. Chokoraa wetu ana chupa ya gundi mkono mmoja na gunia la vyuma chakavu mkono wa pili, lakini sahihi atapata namna ya kuitia.

Sasa nije kwa wazee, ambao hakuna anayewaandikia barua. Mabango ya kondomu yote yana vijana wenye meno meupe. Mzee wa miaka hamsini na kitu, akiwa kwenye gilasi ya tatu, huyatazama na kuhitimisha kwamba Ukimwi ni ugonjwa wa watoto wa siku hizi. Hajapimwa, kwa sababu hajaalikwa. Semina ni ya vijana, kituo rafiki ni cha vijana, hata fulana za bure hazimtoshi. Jioni anamnunulia chipsi binti wa miaka 17 na kumsaidia kodi ya nyumba. Binti ameonywa shuleni ajihadhari na wavulana wa rika lake, na kweli amejihadhari nao. Sponsa, yaani mzee kama huyu, hakutajwa kwenye somo.

Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta virusi kwa asilimia 6.6 ya wanawake na 3.1 ya wanaume, na pengo hilo huanza mapema, ujanani. Wasichana hawapati virusi hivyo kwa wanafunzi wenzao peke yao. Nyinyi mmetupanga kwa mafaili: miaka 10 hadi 14, 15 hadi 24, na waliobaki. Huku kwetu mafaili yote hukaa benchi moja. Mwenye gundi hutumwa sigara na mwenye bangi, mwenye bangi hukopa kwa mwenye chang'aa, na deni hulipwa kwa njia ambazo hazina safu katika fomu yenu.

Kwa hivyo, kabla ya kutupandisha umri tena, tunawaalika mje mfanye kikao huku badala ya hotelini. Matatu ni namba 46. Njooni saa tatu usiku, na mpimaji wa virusi aje nanyi, mwenye mvi kama inawezekana, ili wazee wasione haya kuvuta mkono wa shati mbele ya mtu wa umri wa wajukuu wao. Kondomu muache kwa mama pima. Duka lake huchelewa kufungwa kuliko zahanati yoyote.

Wenu mtiifu,
Mkazi wa Gatina
(Umri: nijazieni faili lililo na nafasi.)